Naomba ushauri: ISR (kitendaji kinachoitwa intarapti inapotokea) irudishe thamani gani kwenye eCos?

Habari zenu wakuu. Naandika draiva kwenye eCos, mfumo endeshi wa vifaa vidogo. UART (bandari za mawasiliano ya mfululizo) mbili zinatumia laini moja ya intarapti (ishara ya kifaa kuomba kuhudumiwa), na CYGIMP_HAL_COMMON_INTERRUPTS_CHAIN, mpangilio wa kuunganisha ISR kadhaa kwa mnyororo, nimeiwasha. Kila ISR hukagua rejista ya hali ya kifaa chake: kama si chake inarudisha 0, kama ni chake inarudisha CYG_ISR_HANDLED (imeshahudumiwa) | CYG_ISR_CALL_DSR (iitwe DSR, kitendaji kinachomalizia kazi baada ya ISR).

Shida huja UART zote zikiita kwa pamoja. HANDLED inakatisha mnyororo, ISR ya pili haifikiwi, na baiti zinapotea, jambo linaloniumiza sana. Nikirudisha CYG_ISR_CALL_DSR peke yake, zote zinahudumiwa.

Je, ni salama kuacha HANDLED hivyo? Na maski ya laini (kizuizi cha muda cha intarapti zake) iondolewe na DSR ipi, ya kwanza au ya mwisho?