Shule ya mwanangu Ohio ina nyota 2 na inapewa hela za Washington. Nimhamishe?

Baba Neema:
Wakuu habari za jioni. Niko Columbus, Ohio, mwaka wa tatu huu. Binti yangu yuko darasa la tatu, shule ya serikali ya mtaani. Nimefungua ripoti ya shule, ile jimbo linayotoa kila Septemba, nikakuta nyota 2 kati ya 5. Halafu ofisini kwao wamebandika karatasi kwamba ni shule ya Title I, yaani serikali kuu inaipa hela. Usingizi umekata. Kwa akili yangu, shule inayobebwa ni shule iliyoshindwa. Nimhamishe au nivumilie? Matusi hapana, tafadhali.

Kiroboto:
Nyota mbili hiyo ni gesti mkuu, siyo shule. Ngoja waje wenye watoto.

Mwalimu Mstaafu:
Baba Neema, umechanganya mambo mawili. Title I haitolewi kwa sababu shule imefeli. Inatolewa kwa sababu eneo lina familia nyingi za kipato cha chini. Ni sheria ya 1965, enzi za Rais Johnson, ikafumuliwa upya 2015. Watoto wa familia hizo wakifika asilimia 40, shule inaruhusiwa kuitumia hela kwa wanafunzi wote: walimu wa ziada wa kusoma, wasaidizi darasani. Na usidhani Washington ndiyo inayolisha shule. Katika kila dola 10 zinazotumika shule za umma, yao ni kama 1 hivi. Zingine ni za jimbo na kodi za nyumba.

Sasa fungua ile ripoti ndani, usiishie kwenye nyota ya juu. Kuna nyota za ufaulu na kuna nyota za maendeleo. Zinasemaje?

Mzee wa Urambo:
Sisi tulikuwa 112 darasani, dawati moja watoto wanne, na mwalimu wa hesabu alikuwa na shamba la tumbaku ambalo wakulima wake tulikuwa sisi. Leo nina digrii mbili. Tatizo la vizazi hivi ni tableti. Mnyang'anye mtoto tableti uone nyota zitakavyopanda.

Baba Neema:
Mwalimu, nimeangalia. Ufaulu nyota 1, maendeleo nyota 4. Sikuelewa inakuwaje. Kusema kweli pale alipokuwa walimu hawakuwa wabaya, mmoja alikuwa anabaki naye baada ya saa za masomo.

Mwalimu Mstaafu:
Inakuwa hivi. Mitihani ya kusoma na hesabu inaanza darasa la tatu hadi la nane, kila mwaka, ni sheria ya nchi nzima. Ufaulu unahesabu wangapi wamefika alama inayotakiwa. Maendeleo yanamlinganisha mtoto na alama zake mwenyewe za nyuma. Mtoto kashuka ndege na Kiingereza cha salamu tu, ndani ya miaka miwili anasoma hadithi ya kurasa kumi, lakini alama bado hajaifikia. Kwenye ufaulu huyo ni hasara, kwenye maendeleo ni ushindi. Nyota 4 maana yake hao walimu wanafanya kazi. Ile ya ufaulu mara nyingi inakuonyesha mishahara ya wazazi. Ndiyo maana sikuwahi kuamini yale mambo ya NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, ya kutangaza shule kumi bora, tulikuwa tunapongeza mchujo wa wanafunzi wanaoingia.

Shangazi Kaja:
Samahani, kuna mtu kaona hiyo "pale alipokuwa"? Baba Neema, mtoto yuko wapi saa hizi?

Baba Neema:
Shangazi, hilo siyo la msingi.

Shangazi Kaja:
Ndilo la msingi. Sema.

Baba Neema:
Sawa. Tangu mwezi wa nane yuko shule ya mji jirani, nyota 4 na nusu. Tulimwandikisha kwa anwani ya shemeji yangu. Kila asubuhi dakika 35 barabarani, na kwenye gari namkumbusha: ukiulizwa unalala wapi, sema kwa anko. Wiki iliyopita mwalimu akawaambia wachore nyumbani kwao. Neema kachora fleti yetu, ngazi zote tatu na baiskeli yangu kwenye varanda. Shemeji ana nyumba ya chini yenye bustani. Jumatatu nimekuta barua ndani ya begi, wanataka bili ya umeme na mkataba wa nyumba hadi Ijumaa. Sijui kama ni mchoro au ni mtu katuchongea. Lakini nimeiba nini? Kodi nalipa kama wao. Mzazi gani angekaa tu anaangalia nyota mbili?

Mwalimu Mstaafu:
Ndugu yangu, uko jimbo lilelile ambalo 2011 mama mmoja wa Akron alikaa jela siku 9 kwa kutumia anwani ya baba yake ili wanawe wasome mji wa pili. Gavana alikuja kumpunguzia kosa baadaye, lakini jela alishakaa. Usipeleke karatasi yoyote ya uongo. Uliza kama wilaya ile inapokea wanafunzi wa nje, zingine hupokea.

Dada wa Dayton:
Jamani mnadanganywa. Hii ni CHAI. Nimeishi Ohio hadi 2019, shule zinapewa herufi, A mpaka F. Nyota kazitoa wapi? Na mtoto wa miaka minane anamchoma babake kwa penseli za rangi, hiyo ni tamthilia.

Kiroboto:
Nimepekua. Huyuhuyu mwaka jana alileta uzi anauza gari, Noah, "ipo Kibaha, njoo uione". Columbus ya Kibaha hiyo.

Baba Neema:
Noah ni ya mdogo wangu, mimi nilimwekea tangazo tu.

Mzee wa Urambo:
Noah iliuzwa?

Mwalimu Mstaafu:
Dada, herufi ziliondolewa. Nyota zilianza 2022, wewe ulishahama. Mengine sijui, ila nyota ni za kweli.

Dada wa Dayton:
Haya, nyota nimekubali. Mchoro bado.

Shangazi Kaja:
Mimi mchoro ndio nauamini kuliko yote. Neema anasemaje, anataka kubaki wapi?

Baba Neema:
Anamuulizia yule mwalimu wa zamani, aliyekuwa anabaki naye. Bili ya shemeji nimeshaipiga picha, iko kwenye simu. Sijaituma.

Kiroboto:
Leo Jumatano. Nimekaa paleee.