Chura wa Kihansi: serikali ilitimiza wajibu au ilichelewa?

Mleta mada:
Wakuu, juzi kijiweni nimezomewa. Umeme ulikatika, jamaa mmoja akasema haya yote ni kwa sababu ya maji wanayoachiwa vyura Kihansi. Mimi nikajitia kuwatetea. Nikaambiwa nikachumbie mmoja. Basi nauleta mjadala hapa.

Kwa vijana ambao hadithi hii imewapita: Kihansi ni korongo kwenye Milima ya Udzungwa, Iringa na Morogoro zinapopakana. Mto unashuka kwa maporomoko, na pembeni yake palikuwa na vipande vya ardhi vilivyolowa mwaka mzima kwa manyunyu. Ukiviunganisha vyote unapata shamba la mtu mmoja tu. Humo ndimo alimoishi chura wa rangi ya dhahabu, mkubwa wao akizidi kidogo ukucha wa dole gumba. Hatagi mayai, anazaa, na watoto wake hawazidi punje ya mchele. Jike mwenye mimba ukimtazama tumboni unawaona watoto kupitia ngozi. Porini kwingine kokote duniani hayupo.

Wanasayansi walimkuta mwaka 1996, wakati ujenzi wa bwawa la umeme la megawati 180 umeshaanza. Kufika mwaka 2000 mitambo imewashwa na karibu asilimia 90 ya maji yamegeuzwa kwenda kwenye mashine. Manyunyu yakakatika. Hapo ndipo mbio zikaanza. Novemba 2000 vyura 499 walipandishwa ndege kwenda bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Korongoni yakatandazwa mabomba ya kunyunyizia maji, na kwa muda vyura wakaongezeka. Mwaka 2003 wakafa kwa wingi ghafla. Ugonjwa wa fangasi unaoshambulia ngozi ya vyura ulikutwa, na wapo waliotaja pia tope lililofunguliwa bwawani mwaka huo, wakishuku lilibeba dawa za mashambani. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka 2010 wakarudi 100 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 zaidi ya 2,000 wakarudishwa korongoni.

Msimamo wangu: watu wanasifu ile safari ya ndege kana kwamba ndiyo uhifadhi. Serikali ilitakiwa kupeleka watu wenye tochi na daftari kwenye lile korongo, walale humo masika na kiangazi, kabla mkopo wa mradi haujasainiwa. Humo humo kumekuja kupatikana hata kahawa pori isiyojulikana kabla. Nani alikuwa ameuliza kuna nini mle?

Msagaji:
Mkuu, unaongea umeshiba. Mwaka 2006 wakati wa mgawo nilikuwa na mashine moja ya kusaga. Umeme unakuja saa nne usiku, kina mama wamelala kwenye foleni na ndoo za mahindi, watoto mgongoni. Nilikuwa nawaona kila siku, tena nawajua kwa majina. Hapo unataka serikali ihesabu vyura? Kila nchi iliyoendelea ilikata misitu yake kwanza, ndiyo sasa inatufundisha sisi kutunza. Chura hana kadi ya kupigia kura.

Mleta mada:
Pole kaka, mgawo ule tuliuonja wote. Ila tusichanganye mambo. Sijasema bwawa lisijengwe. Lipo na linazalisha. Kinachoachiwa korongo ni kama sehemu moja ya kumi ya maji. Na mgawo wa 2006 ulitokana na ukame, mabwawa yalikauka. Huko juu milimani mto unakoanzia, msitu ukiisha, mashine yako nayo inanyamaza. Kwa hiyo wewe na chura mnakunywa chungu kimoja.

Wakili wa Mtaani:
Naongeza la kisheria. Mkataba wa Bioanuwai, ule wa kimataifa wa kulinda aina za viumbe, tuliuridhia 1996, mwaka uleule chura alipoonekana. Ibara ya 14 inataka miradi yenye madhara makubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na hiyo ni kabla, si baada. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira imekuja 2004, chura akiwa anahesabika kwa vidole.

Na hata sasa sheria ipo, tatizo liko palepale. Tathmini inalipiwa na mwenye mradi, na mtaalamu anaajiriwa na huyohuyo mwenye mradi. Mradi ukiwa wa serikali yenyewe, kama lile Bwawa la Nyerere la megawati 2,115 pale Rufiji, anayejenga na anayetoa kibali wanakula sahani moja. Mwambie mwanafunzi asahihishe mtihani wake uone kama atafeli. Mimi ningependa fedha za tathmini ziwekwe kwenye mfuko wa pembeni na mtaalamu apangwe na chombo kisichomtegemea waziri.

Msagaji:
Hapo kwenye mtihani nimecheka. Lakini bado sijashawishika kuhusu chura.

Wa Mufindi:
Kamwene. Ninyi nyote mnazungumzia korongo, mimi natoka huku juu maji yanakotoka. Babu yangu alilima vinyungu, yaani bustani za kwenye unyevu bondeni, baba akalima, na mimi nikasomeshwa kwa maharage ya vinyungu, yale ya kiangazi wakati sokoni hakuna. Sasa tunaambiwa tutoke mita 60 kutoka mtoni. Walikuja na kamba, wakapima kutoka ukingoni hadi katikati ya matuta yangu, kabichi zikiwa zimeanza kufunga. Hakuna aliyeniuliza nitakula nini kuanzia Agosti. Ng'ambo ya mto kuna shamba la milingoti (mikaratusi) la mtu wa mjini, miti imeshuka mpaka kwenye maji, na mlingoti unavyonyonya maji kila mtu huku anajua. Kule kamba haikuvuka.

Sipingi chura. Sijawahi hata kumwona. Lakini mkisema "wajibu wa serikali" mjue mfuko unaolipa ni wangu.

Mleta mada:
Mzee wangu, hapo umenishika. Katika hoja yangu yote sikukuweka popote. Fidia je?

Wa Mufindi:
Semina siku mbili na soda.

Wakili wa Mtaani:
Na hapo walipopima, waliweka alama ya mpaka, wakaandika chochote? Kuna karatasi uliyosaini?

Wa Mufindi:
Karatasi waliondoka nayo. Kigingi kipo, nimekifungia mbuzi.