Wakuu naombeni ushauri: niache kazi Jumatatu bila notisi au nivumilie hadi msimu uishe?

Tairi la Akiba: Wakuu habari za mchana. Nipo Arusha, nina mkataba, mwaka wa tatu huu. Tangu Juni sijapata siku mbili za kupumzika zikifuatana. Usingizi hauji, moyo unadunda ovyo, kazini nasahau vitu vidogo vidogo. Juzi duka la dawa wamenipima presha ikasoma 152/96. Nikiondoka Jumatatu bila notisi nitadaiwa? Na mafao je? Natanguliza shukrani.

Mzee wa Sakina: Presha ni ya wenye hela. Tupe namba ya bosi, vijana wa kuziba pengo wapo.

Dada wa Zamu: Kipimo kimoja cha dukani hakitoshi. Keti dakika 5 umeegemea kiti, miguu chini usiikunje nne, mkono uwe usawa wa moyo, nusu saa kabla usiguse kahawa wala sigara. Pima mara mbili ukipishanisha dakika moja au mbili, rudia siku nyingine. Ikiendelea kuwa 140/90 au zaidi, hiyo sasa ni ya daktari. Ulipimwa umekaa?

Tairi la Akiba: Nilisimama kaunta.

Kifungu cha 32: Turudi kwenye swali. Anayelipwa kwa mwezi anatoa notisi ya siku 28. Ukitoroka, mwajiri anaweza kukata mshahara wa siku hizo kwenye haki zako. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10, ila aliyejiondoa mwenyewe kwa kawaida hakipati. Kwa hiyo barua yako ya kuacha kazi inamfaa bosi kuliko wewe. Sheria ya Ajira ya 2004 inakupa siku 126 za ugonjwa katika miezi 36: 63 za kwanza mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu. Sharti ni ED, yaani cheti cha kupumzishwa kazi, ya daktari aliyesajiliwa. Bila karatasi hiyo halazimiki kukulipa.

Mlokole Mtaratibu: Umeoa? Nyumba ikikosa maombi hata presha inapanda.

Mchanganya Dawa: Mleta mada, mambo mawili umeyaruka. Unafanya kazi gani? Na usiku unameza nini?

Tairi la Akiba: Kazi yangu inahusianaje na notisi?

Mchanganya Dawa: Karani akisinzia anakosea hesabu. Wapo ambao wakisinzia watu wanazikwa. Jibu.

Tairi la Akiba: Haya. Dereva wa watalii. Nameza diazepamu ya kuniletea usingizi, ya 5 mg, vidonge viwili saa 5 usiku, wiki ya saba hii. Saa 10 alfajiri naamka, enaji mbili, naingia barabarani. Wiki jana nilitoka Seronera, Serengeti, saa 2 asubuhi, saa 7 mchana nipo Arusha. Baada ya Mto wa Mbu nikashtuka tairi za kushoto zinakula changarawe. Wageni wanne nyuma, walidhani nakwepa ng'ombe. Hakuna aliyeumia. Vidonge naacha leo hii na barua nimeshaichapa, msinihubirie.

Mchanganya Dawa: Usiache leo! Wiki saba kila siku, ukikata ghafla unaweza kutetemeka, kukosa usingizi kabisa, hata degedege. Daktari ndiye anapanga namna ya kupunguza kidogo kidogo. Na dawa hii haiishi asubuhi. Nusu yake inachukua saa 20 hadi 50 kutoka mwilini, kwa hiyo ya Jumatatu bado ipo unapomeza ya Jumanne. Unaendesha ukiwa umelewa dawa ya siku kadhaa. Enaji inaficha usingizi tu, na ile ya mchana inakufuata mpaka kitandani. Pombe usiguse kabisa, ikikutana na hivyo vidonge inapunguza pumzi.

Fundi Mianzini: Ngojeni, nasikia harufu ya chai. Seronera hadi Arusha kwa saa 5? Ni kilomita zaidi ya 300, hifadhini mwisho spidi 50, lami unaikuta geti la Loduare, Ngorongoro. Hapo hujasimama geti la Naabi kugonga vibali. Huyu hajawahi kushika usukani wa Land Cruiser.

Mzee wa Sakina: Chai ya maziwa, tangawizi juu 😂

Tairi la Akiba: Ni saa 12, siyo saa 2. Nimechanganya.

Dada wa Zamu: Kuchanganya huko ndiko alikoanza nako: "nasahau vitu vidogo".

Fundi Mianzini: Au ndivyo waongo wanavyorekebisha. Basi wenye vidonge kabatini wafaidike.

Kifungu cha 32: Chai au siyo chai, utaratibu ni huu. Kwa daktari usiseme "nina msongo" ukanyamaza. WHO mwaka 2019 waliandika uchovu wa kazi kama hali ya kazini, siyo ugonjwa. Taja saa unazolala, vidonge na idadi, moyo kudunda, lile tukio la changarawe. Omba ED, au LD (cheti cha kazi nyepesi) inayosema usiendeshe. Kisha mwandikie meneja kwa maandishi, ubaki na nakala. Mapumziko ni saa 12 kati ya siku na siku, yanashuka hadi 8 kwa makubaliano ya maandishi na masharti yake, na saa 24 kila wiki. Toa logishiti, zile karatasi za rekodi ya safari, hesabu tangu Juni. Akikufukuza, una siku 30 za kupeleka lalamiko CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Tairi la Akiba: Barua sijaituma, ipo kwenye dashibodi. Ila kesho saa 11 alfajiri nina wageni wa kupeleka uwanja wa ndege wa KIA, meneja hapokei simu.

Fundi Mianzini: Wangapi?

Tairi la Akiba: Wawili, mabegi manne. Wapo hoteli ya Njiro.

Fundi Mianzini: Njoo inbox. Funguo niachie kwa mlinzi, wewe ulale.