Fundi kaacha nyumba kwenye lenta na bado anadai, nimlipe?

Kiwanja_Moshono: Habari za jioni wakuu. Tulikubaliana ufundi tu, vifaa juu yangu, msingi hadi kuezeka kwa sh 4,200,000. Nimeshamtumia 2,700,000 kwa M-Pesa. Kuta zimefika usawa wa lenta (boriti ya zege juu ya milango na madirisha), fundi kaondoka, wiki ya tatu hii, na anadai 800,000 zaidi. Hatukuandikiana. Nina deni? Na saidia fundi wanaonifuata getini niwalipe mimi?

Mpima_Kazi: Fundi mwingine asiguse hata tofali kabla hujapima kilichopo. Hesabu kozi (mistari ya tofali), angusha timazi kila kona uone kama imenyooka, piga picha. Mjumbe awepo, na fundi mwenyewe aitwe kwa ujumbe. Asipofika, andikeni kwamba aliitwa. Kazi ikishaendelezwa, hakuna awezaye kuonyesha ya nani iliishia wapi.

Kisha omba bei kwa mafundi watatu, lenta hadi kuezeka, ramani ileile, ufundi tu. Tuseme bei ya kati ni 1,900,000. Ukiitoa kwenye 4,200,000, kazi yake ni 2,300,000. Umeshalipa 2,700,000, kwa hiyo yeye ndiye wa kukurudishia 400,000. Bei ya kumalizia ikija 1,000,000, unadaiwa wewe, 500,000. Kona ikiwa imepinda, gharama ya kubomoa na kujenga upya iingie kwenye bei ya kumalizia.

Sakina_Sheria: Dada, nondo na saruji zilikuwepo saiti siku anaondoka? Hesabu ya Mpima inasimama kama aliyevunja makubaliano ni fundi. Kama alikaa akisubiri nondo zako, ana haki ya kulipwa alichojenga, na anaweza kukudai fidia zaidi ya hapo.

Makubaliano ya mdomo ni mkataba, na miamala ya M-Pesa ni ushahidi mzuri. Mwandikie barua, mpe siku 14 arudi kazini, nakala itume WhatsApp. Fidia iko kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, lakini na wewe unatakiwa kupunguza hasara: ukiziacha kuta wazi masika yote zikameguka, usitegemee kulipwa hiyo. Akikaidi, nenda Mahakama ya Mwanzo. Dai la mkataba lina ukomo wa miaka 6.

Kiwanja_Moshono: Nondo zilikuwepo, risiti ya tarehe 3, yeye kaondoka tarehe 9. Mbao zake za fomu na toroli viko kwangu. Nivishikilie?

Mpima_Kazi: Hapana, usimpe dai jipya. Mkabidhi, asaini. Saidia fundi aliwaajiri yeye, wanamdai yeye, labda kama uliwaahidi kwa mdomo wako. Ukitaka kuwalipa, fundi akubali kwanza kwa ujumbe kwamba kiasi hicho kinakatwa kwake.

Fundi mpya mlipe kwa hatua: lenta ikimwagwa, kenchi (fremu za mbao za paa) zikisimama, bati likifungwa. Asilimia 10 bakiza hadi mvua kubwa ya kwanza ipige paa.