Mrejesho: Mausi nyepesi au yenye vitufe vingi?

Wakuu, niliuliza nichukue mausi ipi ya kompyuta kati ya Logitech G Pro X Superlight (chini ya gramu 63, vitufe 5) na G502 Lightspeed (gramu 114, vitufe 11), zote hazina waya. Nimechukua nyepesi. Jamaa mwenye duka hapa Ngamiani, Tanga, aliniachia nizishike zote, ubishi ukaisha palepale. Kwenye gemu za risasi mimi naburuta mkono mzima, na ile nzito, kila nikiinyanyua kuirudisha katikati ya mkeka wa mausi, kifundo cha mkono kinavuta. Hii inateleza tu! Vitufe viwili vya dole gumba nimeviweka kurusha bomu na kuongea na timu, vinanitosha kabisa. Anayecheza gemu zenye amri kibao achukue G502, asisite. Mkuu uliyesema nipime kwanza kwa mkono, ubarikiwe sana.