Niliomba gari laini la kupunga upepo, gereji wamekata springi na kunirudishia gari la mashindano

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira, na kila ninachokisema hapa nina picha yake kwenye simu.

Nina Mazda Roadster ya 1999, ile NB (toleo la pili), injini 1.6, gia tano za mkono, paa la turubai. Injini haili oili, bodi haijawahi kugongwa. Nililinunua kwa sababu moja tu: jioni nifunue paa, nipite Daraja la Tanzanite taratibu hadi ufukwe wa Coco, na wikendi nimpakie mama watoto twende Bagamoyo tukale samaki turudi. Basi. Sina haja ya kushindana na mtu yeyote kwenye taa za makutano ya Morocco.

Nikapeleka kwenye gereji moja hapa Dar, moja ya hizi zinazojitangaza kwamba ni mabingwa wa magari ya michezo. Jina silitaji, wenyewe watajijua. Kazi niliwaandikia WhatsApp, wala sikuishia kusema kwa mdomo: "Nataka gari liwe laini. Sitaki kasi, sitaki kelele. Springi za kiwandani zibaki, wekeni shokapu mpya laini. Bushi zote mpya, zile raba za maungio ya chini. Rimu za 14 zibaki, matairi yawe na ubavu mrefu. Eksozi iwe kimya. Turubai lisivuje. AC ipoze." Jibu lao lipo mpaka leo: "Imeisha hiyo bosi." Nikatoa kianzio, nikanunua na shokapu mwenyewe nikawapelekea zikiwa kwenye boksi.

Gari nililorudishiwa springi zake zote nne zimekatwa. Limevalishwa rimu 17. Sailensa zimeng'olewa, bomba limenyooshwa moja kwa moja hadi nyuma. Masega, yale ya kusafisha moshi ndani ya eksozi, hayapo. AC haijaguswa kabisa. Na turubai "limezibwa" kwa namna nitakayoieleza huko mbele, maana hiyo ndiyo inayoninyima usingizi. Halafu wakaniletea bili yenye kazi ambazo sikuziagiza, na walipoona nimekunja uso wakaniambia, "Bosi, gari la michezo lazima likae chini. Sasa hivi ukipita watu wanageuka."

Nani aliwaambia nataka watu wageuke?

Nianze na springi, kwa sababu hapa ndipo mnapodanganywa wengi. Nilipiga jeki nyumbani nikatoa tairi la mbele. Ncha ya springi ina alama mbichi ya grainda, chuma kinang'aa, na rangi imeungua kwa joto kuanzia pale ilipokatwa. Springi ya kiwandani ncha yake imekunjwa ikae sawasawa kwenye kitako chake. Ukiikata, ile ncha inabaki inaelea, ukiingia kwenye shimo inacheza, inagonga, inakula raba ya kitako. Huo mlio wa "ko, ko" ninaousikia nikikata kona polepole ndio huo.

Kibaya zaidi ni hili. Watu wanadhani springi ikipunguzwa gari linashuka tu na ulaini unabaki pale pale. Si kweli. Springi ni chuma kilichozungushwa, na kinachoipa ulaini ni urefu wa hicho chuma kinachojinyonga gari linapopanda na kushuka. Ukitoa mizunguko umepunguza urefu, kwa hiyo iliyobaki inakuwa ngumu zaidi ya mwanzo. Mimi nimeomba ulaini, wao wamechukua grainda wakatengeneza ugumu. Na shokapu zangu mpya laini, nilizozitafuta kwa shida, wameziweka ndani ya springi fupi ngumu, kwa hiyo haziwezi kuzituliza. Hela imekwenda bure.

Na Roadster hizi za zamani, NA (toleo la kwanza) na NB zote, zina ugonjwa unaojulikana kwa kila anayezimiliki duniani: nafasi ya shokapu kushuka kabla ya kufika kwenye ule mpira wa mwisho, unaoizuia isigonge chuma kwa chuma, ni ndogo tangu kiwandani. Ukilishusha gari kwa kukata springi, linakaa karibu kabisa na huo mpira hata likiwa limesimama. Nimeingiza kidole kati ya mpira na shokapu ya mbele, hakipiti. Maana yake kila tuta ninalopita, springi haipati nafasi ya kufanya kazi, kishindo kinatua kwenye mpira na kutoka hapo kinapanda kwenye uti wa mgongo wangu. Nendeni barabara ya Bagamoyo kuanzia Tegeta kwenda Bunju mkahesabu matuta, halafu mniambie hilo ni gari la kumpakia mama watoto.

Gari lisilo na paa la chuma pia lina tabia yake. Paa ndilo linalofunga mwili wa gari usijipinde. Wenye Roadster mnalijua hili, ukiingia kwenye barabara mbovu unaona fremu ya kioo cha mbele inatetemeka mbele ya macho yako. Ndiyo maana gari kama hili linataka springi laini kuliko gari la bati juu, ili mtetemo uishie chini. Sasa hivi milango yangu inalia, dashibodi inalia, ndoano za turubai pale juu ya kioo zinalia. Gari lililokuwa limetulia miaka yote hiyo limeanza kulegea.

Matairi. Saizi ya kiwandani ya 1.6 ni 185/60 rimu 14, yaani upana milimita 185 na ubavu asilimia 60 ya huo upana. Ubavu wa tairi hilo ni kama milimita 111. Mimi nilitaka 185/65, ambayo ubavu wake ni kama milimita 120, raba ya kutosha kumeza shimo. Wao wameweka 205/40 rimu 17. Pigeni hesabu wenyewe: asilimia 40 ya 205 ni milimita 82. Ukilinganisha kwa nje, tairi la 185/65 rimu 14 na hilo la 205/40 rimu 17 yana kimo kilekile, karibu milimita 596. Kwa hiyo hata ile sababu yao ya "kujaza tairi kwenye upinde" haipo! Walichofanya ni kuondoa raba na upepo, wakaweka chuma, tena chuma kizito, ambacho springi na shokapu zinapaswa kukirusha juu na kukirudisha chini kwenye kila shimo.

Na upepo wamejaza 38. Kibandiko cha kiwandani kinataka kama 26, kwa sababu gari zima lina kama kilo 1,000 tu. Hamuwezi kuwekea gari la kilo 1,000 upepo wa pikapu ya mizigo. Kijana aliyejaza hakusoma, na fundi mkuu aliyesimama pembeni yake hakusoma.

Eksozi sitaisemea sana, kila mtu anaijua. Gari hili gia zake ni fupi, ukienda kilomita 100 kwa saa kwenye gia ya tano mshale wa raundi uko juu ya 3,000. Kwa sailensa zake halisi hiyo ni sauti ya kawaida unayoweza kuongea juu yake. Kwa bomba tupu ni mvumo usiokatika unaojaa kichwani, na ukifunga turubai ndiyo unazidi. Mke wangu alishuka tulipofika na kichwa kinamuuma. Trafiki nao wameshaanza kunisimamisha. Na lile swali la masega nimewauliza mara nyingi: yako wapi? Ndani ya masega kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, na kila gereji mjini inajua yananunuliwa. Nimejibiwa "yalikuwa yameziba, tumetupa". Mmetupa wapi? Nani alikwenda kuyatupa? Kitu changu mlichofungua kwenye gari langu mnanirudishia mkononi, hata kiwe kibovu. Huo ndio utaratibu wa fundi mwaminifu popote.

Sasa turubai.

Nyuma ya viti vya Roadster, pale turubai linapokutana na bodi, kuna mfereji wa raba. Maji ya mvua yakishuka kwenye turubai yanaingia humo, yanatiririka kulia na kushoto, yanashuka kwenye mirija miwili na kutokea chini ya gari, mbele kidogo ya matairi ya nyuma. Mirija hii ikijaa majani na vumbi, maji yanarudi ndani na kulowesha kapeti. Dawa yake ni kuingiza waya laini au mrija wa plastiki, ukasafisha, ukamwagia maji kidogo kuhakikisha yanatoka chini. Ni kazi ya dakika chache. Hii ndiyo iliyokuwa shida ya gari langu, na niliwaambia.

Wao wameziba matundu ya mirija kwa silikoni. Wameyaziba! Fundi ananieleza kwa kujiamini, "Maji yalikuwa yanaingilia hapa, sasa hayatapita." Maji hayaingilii hapo, yanatokea hapo. Ulichofanya ni kumziba mtu pua ili asipate mafua. Mvua ya kwanza iliponyesha yale maji yakajaa kwenye mfereji, yakamwagika pembeni, yakaingia kwenye visanduku vya chuma vilivyo chini ya milango. Anayezijua Roadster anajua pale ndipo zinapofia. Injini hizi zinakwenda miaka mingi, kinachoziua ni kutu ya pale chini ya mlango kuelekea tairi la nyuma, inayoanzia ndani, na ukiiona kwa nje imeshamaliza kazi. Mji huu una chumvi ya bahari hewani na masika yake mnayajua. Nimeitoa silikoni kwa wembe, nikatoa na zulia, chini kulikuwa na maji yamelala na harufu ya uvundo. Springi ninaweza kununua nyingine. Bodi ya NB nitaipata wapi?

Najua wataingia watu hapa waseme, "Kama unataka ulaini si ungenunua Crown?" Naomba niwajibu kabisa. Crown ni gari zuri sana, na haina anga juu. Na hii hoja kwamba Roadster kazi yake ni kukimbizana haina mashiko. Mazda walipolionyesha kwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1989, toleo la Japani lilikuwa na nguvu za farasi 120. Langu la miaka kumi baadaye lina 125. Ni gari dogo, jepesi, la watu wawili, ambalo waliolibuni chini ya injinia Toshihiko Hirai walitaka mtu afurahie kuliendesha hata akiwa kwenye mwendo wa kawaida. Lina mikono miwili ya chuma inayoshika kila tairi, mmoja juu na mmoja chini, mpangilio ambao ukiuachia springi zake halisi unafuata barabara vizuri mno. Kulifanya liwe la kutembelea taratibu si kuliharibu. Ni kulipatia vitu vichache: raba zaidi kwenye tairi, bushi zisizochoka, shokapu laini, sailensa nzima, kizuia upepo cha wavu nyuma ya viti, sponji mpya kwenye viti, na kapeti ya kunyonya sauti pale juu ya gia boksi panapopata joto. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji grainda.

Kinachonichoma ni kwamba hawa vijana hawakushindwa kazi. Waliielewa, wakaidharau. Waliona mteja mtu mzima anataka gari lake liende polepole wakaamua hajui anachotaka, wakatengeneza gari la ndoto zao kwa hela yangu, wakalipiga video na kulirusha kwenye ukurasa wao kabla hata sijakabidhiwa funguo. Hiyo video ipo, na springi zangu zikikatwa zinaonekana humo. Ushahidi wamejirekodi wenyewe.

Ninachodai kipo wazi na wameshakipata kwa maandishi: springi nne za NB 1.6 zisizokatwa, sailensa zangu zote mbili, masega yangu au thamani yake, rimu zangu za 14, na bili ya kazi nisizoziagiza ifutwe. Rimu 17 waje wazichukue. Bodi ikaguliwe chini ya milango kwa gharama yao. Wasipofanya, nakwenda Mahakama ya Mwanzo nikiwa na meseji na video yao, na malalamiko mengine napeleka Tume ya Ushindani. Wamenipigia jana kuniomba nisiandike popote. Nimeandika.

Wakati huo gari siwezi kuliacha hivi. Gerezani na Ilala nimezunguka, springi za NB sijapata, wananiletea za Mazda Demio. Mwenye seti ya springi halisi za NB, hata zilizotumika ilimradi hazijapigwa grainda, ani-PM. Rimu za 14 zenye matundu manne ya 4x100 pia nachukua. Na kama kuna fundi Dar anayejua kufungua mkono wa Roadster, akakaza bushi gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake na siyo likiwa limening'inia kwenye jeki, naomba namba yake. Aliye Moshi au Arusha pia sawa, vifaa vitakuja kwa basi.