Hilux ya mizigo, Malindi hadi Mokowe na njia za Magarini: H/T, A/T au M/T?

Mpita Sabaki (Malindi)

Assalamu alaikum ndugu zangu. Nina Hilux ya milango minne, tairi zake ni 265/65R17 za lami, zile za H/T, na meno yamekaribia alama ya mwisho. Nataka kubadilisha zote kabla ya masika kuanza.

Kazi ya gari ni hii. Mara nyingi napeleka bidhaa za duka Mokowe, zikavushwe kwa mashua hadi Amu, yaani mji wa Lamu. Huko ni lami mwanzo hadi mwisho, kupitia Garsen na Witu. Siku nyingine nazama Marafa, Baricho au Chakama kuchukua maembe, pojo na mahindi kwa wakulima. Na samaki wakiwepo naenda Ngomeni, ambako mwisho wa safari ni mchanga.

Madukani nimeonyeshwa njia tatu: nirudie H/T, nichukue A/T ya kadiri, yaani ya lami na njia za vumbi pamoja, mfano Yokohama Geolandar A/T G015, au nichukue A/T nzito ya daraja la LT, yaani la magari ya mizigo, mfano BFGoodrich KO2. Muuzaji mmoja anashikilia nivae M/T, zile za tope, kabisa, eti tope la huku halitaki mchezo. Ninachokihofia zaidi ni mambo mawili: breki kwenye lami iliyolowa nikiwa na mzigo, na tairi kupasuka ubavuni usiku kati ya Garsen na Witu. Wenye uzoefu nisaidieni.

Fundi Barani

Waalaikum salaam ndugu yangu. Umeuliza vizuri kwa sababu umetaja kazi ya gari kabla ya kutaja jina la tairi. Wengi huanza na picha.

Hesabu kilomita, usihesabu siku. Kwenda Mokowe na kurudi ni zaidi ya kilomita 400 za lami. Mchanga wa Ngomeni ni kipande kifupi tu, na hata njia za ndani za Magarini hazifikii hapo kwa safari moja. Kwa hiyo unatafuta tairi ya lami inayostahimili vumbi, mawe na tope la kadiri.

M/T iondoe kabisa. Meno yake ni makubwa na yameachana, kwa hiyo mpira unaogusa lami ni mchache. Mvua ikinyesha, gari huchukua nafasi ndefu zaidi kusimama, na wewe mwenyewe umesema hilo ndilo unalolihofia. Isitoshe, hunguruma njia nzima, hula mafuta, na juu ya lami ya moto meno yake huisha haraka. Ni tairi ya mtu anayeishi ndani ya tope.

H/T nayo ni bora kuliko zote kwenye lami, kavu au ya mvua. Udhaifu wake uko kwenye murramu yenye mawe makali: mpira wake hukatika vipande vidogo vidogo, na njia za maji kati ya meno ni nyembamba, kwa hiyo udongo ukilowa hujaa upesi. A/T imekaa katikati. Meno yana nafasi ya kutema udongo, lakini juu yake kuna mikato myembamba inayoshika lami iliyolowa. Angalia mikato hiyo kwa jicho lako dukani. A/T yenye matofali makubwa ya mpira bila mikato itakuonea kwenye mvua.

Jambo moja usidanganyike nalo: herufi AT kwenye jina hazina kipimo kimoja. Dunlop Grandtrek AT20 iliyokuja na magari mengi ya Kijapani inaitwa AT, lakini ukiitazama meno yake ni ya lami. Soma meno kwanza, jina baadaye.

Dereva wa Sala

Naafikiana na Fundi juu ya M/T, lakini kwenye A/T mimi nasema LT. Kazi yangu ni kupeleka wageni Tsavo Mashariki kupitia lango la Sala. Nimeona tairi nyepesi zikichanwa ubavuni na jiwe la kawaida tu, jiwe ambalo kwenye meno lisingefanya kitu. Pancha ya kwenye meno unaziba kwa utambi ukaendelea na safari. Ubavu ukichanika, hiyo tairi imekufa. Haizibwi barabarani na fundi mwaminifu hataishona.

KO2 iliingia sokoni mwaka 2014, na ilitengenezwa makusudi na ubavu mnene. Halafu kumbuka miiba. Ukitoka barabara kuu ya Garsen ukaingia pembeni, mti wa mathenge umeota kila mahali, na mwiba wake mkavu unaingia kwenye tairi kama msumari. Mtu anayepita huko usiku na mali ya watu nyuma hawezi kufanya ubahili wa ubavu.

Binti Mambrui

Kaka, kwa Ngomeni tairi yoyote kati ya hizo tatu itakutoa, mradi upunguze upepo. Gari tupu, shusha hadi psi 18 hivi kabla ya kuingia mchangani, si baada ya kuzama. Tairi hutandazika, ikawa ndefu chini, na gari huelea juu ya mchanga badala ya kuchimba. Usikate kona kwa nguvu, usifunge breki ghafla, maana kwa upepo mdogo tairi inaweza kuchomoka kwenye rimu. M/T ndiyo mbaya kuliko zote hapo kwa sababu meno yake yanachimba.

Nunua kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye betri. Ukirudi kwenye lami, jaza palepale. Kukimbia na upepo wa mchangani juu ya lami ya saa nane mchana ni kuipika tairi: inajikunja na kujikunjua kila mzunguko, inapata joto ndani, na tabaka zinaachana.

Na tafadhali, wote mnaoendesha ufukweni: msipite juu ya mstari wa maji kujaa, hasa karibu na vichaka. Kasa hutaga huko, na shimo la mayai halionekani kwa juu. Fuata njia ya wavuvi, au liache gari nyuma samaki waletwe kwa mkokoteni. Bamvua, yale maji makubwa, nayo haina huruma na gari lililokwama.

Mpita Sabaki (Malindi)

Dada, ahsante, hata mimi huliacha nyuma maji yakiwa makubwa. Dereva, maneno yako juu ya ubavu yamenigusa. Lakini nimesikia LT ni ngumu sana gari likiwa tupu?

Mkaazi wa Hindi

Niko upande wa Lamu, kwa hiyo niongeze la huku. Lami kutoka Garsen hadi Mokowe imebadilisha maisha yetu, lakini isikufanye usahau udongo ulio chini yake. Ukiacha lami upande wa Witu au Mpeketoni wakati wa mvua, unakutana na udongo mweusi wa mfinyanzi. Huo hujaza meno ya A/T ndani ya mizunguko michache, na hapo tairi yako mpya huwa laini kama kipara. M/T hujitahidi kidogo zaidi kwa sababu hutema, lakini nayo hufika mwisho wake. Udongo ule dawa yake ni kusubiri ukauke.

Na barabara yenyewe huzama. Mvua za El Niño mwishoni mwa 2023 zilipofurisha Tana, maji yalikata njia pale Lango la Simba, karibu na Gamba, magari yakalala pande zote mbili. Hakuna tairi ya kuvuka maji yanayokwenda. Nasema hivi kwa sababu mtu akishalipia tairi ghali hupata ujasiri ambao tairi hiyo haikumwahidi.

Fundi Barani

Swali la LT ni la muhimu kuliko yote hapa, niruhusuni nilikae nalo kidogo.

Tairi ya kawaida ya 265/65R17 ubavuni imeandikwa 112 kisha herufi. Hiyo 112 ni kipimo cha mzigo: kilo 1,120 kwa tairi moja, ikiwa na upepo kamili. Mbili za nyuma kwa pamoja ni kilo 2,240. Ukitii uzito ulioandikwa kwenye kitabu cha Hilux, hiyo inakutosha. LT ya saizi hiyohiyo huandikwa 120/117, yaani hadi kilo 1,400. Inaonekana ni faida tupu, ila kuna sharti: kilo hizo inazibeba ikiwa na upepo mwingi sana, hadi psi 80. Kwa upepo ule uliouzoea wa thelathini na kitu, LT hubeba *pungufu* ya tairi ya kawaida. Mtu akivaa LT akaacha upepo ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni, kisha akapakia gunia juu ya gunia, anaitesa bila kujua. Lazima aongeze.

Na ukiongeza, gari tupu linakuwa gumu. Linarukaruka kwenye mawimbi ya murramu, nyuma inatembea pembeni, na kwenye lami iliyolowa tairi ngumu isiyo na mzigo hushika vibaya. Kila moja pia ina uzito wa kilo kadhaa zaidi, na uzito unaozunguka unaulipia kwenye mafuta na kwenye breki.

Dereva wa Sala, kwako wewe LT ni haki kabisa: mawe kila siku, gari limejaa kila siku, msaada uko mbali. Kwa ndugu yetu ambaye nusu ya safari anarudi tupu juu ya lami, mimi ningemvisha A/T ya kadiri ya daraja la kawaida, yenye 112 au zaidi.

Dereva wa Sala

Hoja ya upepo naikubali, wengi hawaijui. Lakini bado sijashawishika juu ya usiku wa Garsen. Ugumu wa gari tupu unavumilika. Kukaa gizani na ubavu uliochanika ni jambo jingine. Kama atachukua ya kawaida, basi awe na tairi ya akiba mpya, ya saizi ileile, si kile kipara kilichoning'inia chini ya bodi tangu gari lishuke bandarini.

Fundi Barani

Hapo umenena. Anunue tano, si nne. Na akiba iingizwe kwenye mzunguko: kila kilomita 8,000 hadi 10,000 zibadilishane nafasi, zote tano ziishe pamoja.

Kijana wa Gongoni

Wazee, habari zenu. Mimi sina Hilux, nina Prado ya zamani ya 265/70R16. Naweza kutia A/T mbili nyuma tu kwanza, mbele nikaacha zilizopo? Na kuna jamaa ana za mtumba kutoka Japani, meno bado yamesimama vizuri.

Fundi Barani

Mwanangu, usifanye hivyo kwenye Prado. Kama yako inaendesha magurudumu yote manne muda wote, tairi za mbele na nyuma zikitofautiana kipenyo, difu ya katikati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, inafanya kazi bila kupumzika hata ukiwa kwenye barabara iliyonyooka. Joto lake litakugharimu kuliko tairi mbili ulizookoa. Subiri hadi uweze nne za aina moja.

Za mtumba, usiangalie meno peke yake. Tafuta ubavuni maandishi ya DOT, na mwisho wake tarakimu nne. Ikiwa 2316, ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mpira huzeeka hata ukiwa ghalani, na jua la pwani humaliza kilichobaki. Kunja ubavu kwa mkono. Ukiona mistari midogo ya nyufa, iache hapohapo. Tairi nyingi za huko pia ni za majira ya baridi, mpira wake ni laini kwa makusudi ili ushike theluji. Huku zitayeyuka.

Mpita Sabaki (Malindi)

Hapo umenikumbusha. A/T kadhaa nilizoonyeshwa zina alama ya mlima na chembe ya theluji ubavuni, nazo muuzaji anazipandishia bei. Ina maana yoyote kwetu? Na swali la mwisho: ameniambia 265/70R17 itaingia bila tatizo na itainua gari.

Fundi Barani

Alama ya theluji isikuvute wala isikukimbize. Tairi imepita jaribio la theluji, basi. A/T nzuri inaweza kuwa nayo au isiwe nayo, wewe usiilipie.

Saizi: 265/65R17 ina kipenyo cha milimita 776 hivi, na 265/70R17 ina 803. Gari litainuka nusu ya tofauti, yaani milimita 13, ambayo ni upana wa kidole. Kwa kidole hicho spidomita itakudanganya: ikisoma 100, wewe uko 103. Gari pia litakuwa zito kuondoka na mzigo, na huenda tairi ikakwaruza madigadi ukikata kona hadi mwisho. Baki na saizi yako. Kijana wa Gongoni, 265/70R16 yako ina milimita 777, karibu sawa kabisa na hiyo ya Hilux, ila rimu ni ndogo na ubavu ni mrefu. Kwenye mchanga na mawe una bahati kuliko sisi.

Binti Mambrui

Nakazia hapo kwenye kuinua. Ukitaka gari lipite juu zaidi, punguza mzigo.

Mpita Sabaki (Malindi)

Nimewasikia nyote. Nachukua A/T ya kadiri, 265/65R17, daraja la kawaida, tano. Nitasoma DOT za zote tano kabla ya kulipa. Upepo nitapima asubuhi tairi zikiwa baridi, nyuma nitaongeza nikipakia na kurudisha nikishusha Mokowe. Dereva, utambi na kompresa vitakaa chini ya kiti.

Dereva wa Sala

Mwenyezi Mungu akujaalie safari njema. Ukishafungiwa, usikimbilie Mokowe siku hiyohiyo. Nenda kwanza hadi Mambrui na kurudi, kisha kaza nati zote upya kwa mkono, maana huwa zinalegea baada ya kilomita za mwanzo. Na mwambie fundi asafishe rimu kwa brashi ya waya pale tairi inapokaa. Kwa chumvi ya huku kutu hujificha hapo, ukawa unajaza upepo kila wiki huku ukitafuta pancha isiyokuwepo.